Mbolea Iliyomo Hewani

*Mazungumzo ya bwana shamba na wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Matombo, Mkoa wa Morogoro*



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya rutuba ya udongo. Najua neno hili mmelisikia mara nyingi. Kila bwana shamba akija husema rutuba, rutuba, halafu anamalizia kwa kusema nunueni mbolea. Leo nitaanza upande mwingine. Nitasema juu ya mbolea ambayo haiuzwi dukani. Iko juu ya vichwa vyetu hivi sasa. Iko hewani.

Msicheke. Nitaeleza polepole, na mwisho mtaniuliza maswali.

Ghala limefungwa

Hewa tunayovuta si kitu kimoja. Ni mchanganyiko. Ukiigawa hewa mafungu 100, mafungu 78 ni hewa inayoitwa naitrojeni. Mafungu 21 ni oksijeni, ile tunayoihitaji sisi kwa kupumua. Fungu 1 lililobaki ni vitu vinginevyo.

Naitrojeni ina kazi gani kwa mmea? Ndiyo inayojenga majani na kuyapa rangi ya kijani. Ndiyo inayojenga protini, yaani chakula cha kujenga mwili kilichomo ndani ya punje. Mahindi yakikosa naitrojeni mnayajua. Majani ya chini yanageuka njano. Njano hiyo inaanzia nchani na kufuata mshipa wa katikati. Shina linakuwa jembamba, na hindi linakuwa dogo kama kidole.

Sasa hapa kuna jambo la ajabu. Mahindi yamezungukwa na naitrojeni pande zote, lakini yanakufa kwa njaa ya naitrojeni. Kwa nini? Kwa sababu chembe za naitrojeni ya hewani zimeshikana mbili mbili kwa nguvu sana. Mmea hauwezi kuziachanisha. Ni kama mtu mwenye njaa aliyekaa mbele ya ghala lililojaa chakula. Mlango umefungwa na ufunguo hana.

Wanadamu walitafuta ufunguo huo kwa muda mrefu. Mwaka 1913 Wajerumani walifungua kiwanda cha kwanza kikubwa cha kuikamata naitrojeni ya hewani. Kiwanda cha namna hiyo kinahitaji joto la digrii 400 na zaidi, tena na mgandamizo mkubwa sana. Kinakula gesi nyingi. Yuria mnayoiona dukani imetokana na kazi hiyo. Ndiyo maana bei ya gesi ikipanda huko duniani, bei ya mbolea inapanda hapa Matombo. Mwaka 2022 mliona wenyewe. Bei ilipanda dunia nzima, hata Serikali yetu ikaanza kutoa ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/23.

Lakini kuna viumbe ambao walikuwa na ufunguo huo tangu zamani sana. Hawatumii moto. Hawana kiwanda. Wanaishi katika udongo, na baadhi yao wamo katika mashamba yenu.

Vijidudu vya kwenye mizizi

Viumbe hao ni vijidudu vidogo mno, vinaitwa bakteria. Huwezi kuviona kwa macho matupu. Kijiko kimoja cha udongo mzuri kina mamilioni ya bakteria wa aina nyingi. Mtu akisikia neno bakteria anafikiri ugonjwa tu. Si wote. Wapo wanaoleta maradhi na wapo wanaofanya kazi yenye faida. Hawa ninaowasema leo ni wafanyakazi.

Vijidudu hivi ni marafiki wa mazao ya jamii ya mikunde. Mazao ya jamii ya mikunde ni yapi? Ni kunde, maharage, mbaazi, choroko, njegere, karanga, njugu mawe, fiwi na soya.

Urafiki wao huanza hivi. Mbegu ya kunde ikiota, mzizi wake hutoa kitu fulani katika udongo, kama vile chakula kinavyotoa harufu jikoni. Vijidudu hutambua harufu hiyo na kusogea. Navyo hujibu kwa kutoa dalili yao. Unywele wa mzizi hujikunja na kuvikaribisha ndani. Kisha mzizi hujenga chumba kwa ajili yao. Vyumba hivyo ndivyo vile vivimbe vidogo mnavyoviona mkiing'oa kunde. Tunaviita vinundu.

Humo ndani vijidudu hufanya kazi. Hewa iliyomo kati ya chembe za udongo hupenya hadi kwenye kinundu, nao huichukua naitrojeni yake na kuibadili iwe chakula ambacho mmea unaweza kukitumia. Je, vinafanya bure? La. Mmea huvilipa sukari iliyotengenezwa na majani kwa mwanga wa jua. Ni nipe nikupe. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni anakula kwa mwenyeji, na mwenyeji anapona kweli.

Wakulima wa nchi nyingi waliona tangu kale kwamba nafaka hustawi mahali palipokuwa na mikunde, ila sababu haikujulikana. Mwaka 1886 Mjerumani mmoja, Hermann Hellriegel, alieleza kwamba mikunde hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu vya kwenye vinundu. Mwaka 1888 Mholanzi, Martinus Beijerinck, alivitoa vijidudu hivyo katika vinundu na kuviotesha peke yao. Kwa hiyo jambo hili si uvumi. Limepimwa kwa zaidi ya miaka 100.

Namna ya kukagua shamba lako

Sasa nataka kila mtu aweze kukagua mwenyewe. Huhitaji kunisubiri mimi.

Ngoja kunde au maharage yako yakaribie kutoa maua. Chagua miche 5 katika sehemu mbalimbali za shamba. Usiing'oe kwa kuivuta, maana vinundu vitabaki chini. Chimba kwa jembe kuzunguka shina, inua mche pamoja na udongo wake, kisha uoshe mizizi kwa maji taratibu.

Utaona vinundu. Hesabu. Halafu chukua vichache uvipasue kwa ukucha au kwa wembe. Tazama rangi ya ndani.

Ikiwa ndani ni nyekundu au waridi, kama damu iliyochanganywa na maji, vijidudu vinafanya kazi. Rangi hiyo ni ya jamii moja na rangi ya damu yetu, na kazi yake ni kudhibiti oksijeni ndani ya kinundu.

Ikiwa ndani ni nyeupe na mche bado ni mchanga, ngoja kidogo. Pengine kazi haijaanza. Lakini ikiwa mche umefikia maua na ndani bado ni peupe, au ni kijani, vijidudu hivyo havifanyi kazi. Vinakula tu.

Jihadharini na jambo moja. Wako minyoo wadogo wa udongo ambao nao huvimbisha mizizi. Hao ni maadui. Utatofautishaje? Kinundu chema kimekaa ubavuni mwa mzizi, na ukikisukuma kwa kidole kinatoka kirahisi. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Ukiusukuma hautoki. Ukiona hivyo, usipande mikunde hapo tena msimu ujao. Panda mahindi.

Mbona wakati mwingine havifanyi kazi?

Sababu ziko nyingi. Nitataja nne.

Kwanza, udongo wenye tindikali, yaani udongo mchachu. Milima yetu ya Uluguru inapata mvua nyingi. Mvua huosha chokaa ya udongo na kuiacha ardhi chachu. Vijidudu vingi havipendi hali hiyo. Majivu ya jikoni yakisambazwa kwa kiasi hupunguza uchachu kidogo, na samadi nayo husaidia.

Pili, ukosefu wa fosfati. Hiki ni chakula kingine cha mmea. Bila fosfati vinundu huwa vichache na vidogo. Nchi yetu ina fosfati yake ya Minjingu, inayochimbwa huko Manyara, na hiyo hufanya kazi vizuri zaidi katika udongo mchachu kama wetu.

Tatu, maji kutuama. Vijidudu vinahitaji hewa. Shamba likijaa maji, hewa hakuna.

Nne, vijidudu vinavyofaa havipo. Kila aina ya mkunde ina marafiki zake. Kunde, karanga, njugu mawe, choroko na mbaazi hazichagui sana, kwa hiyo mara nyingi hupata wenzao katika udongo wetu. Soya ni mgeni kutoka Asia ya Mashariki. Aina nyingi za soya hazipati rafiki wake hapa. Ndiyo maana wataalamu hutengeneza unga wenye vijidudu hai wa kuchanganya na mbegu. Wataalamu wa udongo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kile kilichoanzishwa mwaka 1984 pale Morogoro chini ya milima hii hii, walitengeneza unga wa namna hiyo na kuuita Nitrosua.

Ukipewa au ukinunua unga wa vijidudu, kumbuka kwamba umenunua viumbe hai. Soma tarehe ya mwisho kwenye pakiti. Hapo ndipo kisomo chako kinalipa. Pakiti iliyopita tarehe, au iliyoachwa juani mlangoni mwa duka, imekufa, na fedha yako imekufa nayo. Weka pakiti mahali pa baridi. Soma pia kama ni ya soya au ya maharage. Changanya na mbegu kivulini, ukilowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari ili unga ushike. Panda siku hiyo hiyo katika udongo wenye unyevu, na ufukie mara moja. Usiichanganye mbegu hiyo na mbolea ya chumvichumvi.

Tusidanganyane

Ndugu zangu, hapa nataka tusikilizane vizuri. Wengi husema, panda maharage na shamba litapata rutuba. Si kweli kila mara. Tufanye hesabu.

Gunia la mahindi la kilo 100 hubeba naitrojeni kiasi cha kilo 1 na nusu. Ukivuna magunia 10, umetoa shambani kilo 15. Mfuko wa yuria wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kwa hiyo magunia 10 ya mahindi ni kama umebeba zaidi ya nusu ya mfuko wa yuria ukaupeleka sokoni.

Sasa gunia la maharage la kilo 100 hubeba naitrojeni kiasi cha kilo 3 na nusu. Ni zaidi ya mara mbili ya mahindi. Na maharage ni mvivu kuliko mikunde mingine. Mara nyingi hupata hewani chini ya nusu ya naitrojeni yake. Nyingine inatoka wapi? Katika udongo wako.

Tazama tunavyovuna. Tunang'oa mche mzima na mizizi yake. Tunaubeba hadi nyumbani, tunapiga, punje tunauza, makapi tunachoma moto. Mwaka ujao tunashangaa shamba limechoka. Kumbe tulichukua kila kitu.

Fanyeni hivi. Maharage na kunde zikikauka, zikate usawa wa ardhi na uache mizizi humo humo. Makapi baada ya kupiga yarudisheni shambani, au wapeni mbuzi kisha samadi irudi shambani. Na moto tuuache. Majani yakichomwa, naitrojeni yake inakwenda na moshi. Majivu yanabaki na vitu vingine, lakini naitrojeni imerudi hewani, na ufunguo hatuna.

Mkunde unaoacha zaidi shambani ni ule unaotoa majani mengi. Huku chini, Matombo na Mkuyuni, mbaazi zinafaa kati ya mahindi. Mbaazi hukua polepole mwanzoni, haziyasumbui mahindi. Mahindi yakishavunwa, zenyewe ndizo zinaendelea, na majani yake yanadondoka na kuoza. Lakini msipande mbaazi kwa kutegemea soko peke yake. Mwaka 2017 India ilizuia mbaazi kutoka nje, na bei hapa nchini ikaanguka vibaya. Mwenye kupanda kwa ajili ya chungu chake na udongo wake hakupoteza yote.

Kuna pia mmea uitwao marejea. Katika miaka ya 1980 Wamisionari Wabenedikto wa Peramiho, huko Ruvuma, waliueneza sana kama mbolea ya kijani. Mmea huo hupandwa, kisha hukatwa na kufukiwa kabla mbegu hazijakomaa. Mbegu zake zisiliwe na watu wala mifugo.

Ngazi za mwaka 1955

Wazee waliopo hapa wamesikia kwa wazazi wao habari za matuta ya ngazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta makubwa milimani ili kuzuia mmomonyoko. Watu walichimba. Lakini mahali pengi udongo mweusi wa juu ulifukiwa, na udongo mfu wa chini ukaletwa juu. Mazao yakapungua. Mwaka 1955 wananchi walikusanyika hapa Matombo kukataa. Polisi wakaja, na mtu mmoja akapoteza maisha. Baadaye mpango ule ukaachwa.

Kwa nini naikumbusha habari hii? Kwa sababu mbili.

Ya kwanza, vijidudu tulivyovisema vinaishi katika ule udongo wa juu. Ukiufukia, au ukiacha mvua iuchukue hadi Mto Ruvu, umeondoa nyumba pamoja na wafanyakazi. Mmomonyoko ulikuwa kweli, na mpaka leo ni kweli. Mwezi Februari 1970 mvua kubwa iliporomosha ardhi mahali pengi mno kule Mgeta. Maporomoko mengi yalianzia kwenye mashamba na majani, na machache sana ndani ya msitu. Kwa hiyo kulinda udongo ni lazima.

Ya pili, wale waliolazimisha hawakuwauliza wakulima wala hawakupima kwanza katika shamba dogo. Watu wa Mgeta walikuwa na ngazi zao ndogo za asili, ambamo hufukia majani yaoze. Nao walikuwa na ujuzi. Basi hata maneno yangu ya leo msiyapokee kwa sababu tu amesema bwana shamba. Yapimeni.

Jinsi ya kupima

Chukueni kipande kimoja cha shamba la kikundi. Kigawanyeni mara mbili, hatua 10 kwa hatua 10 kila upande. Upande wa kwanza pandeni kunde, na makapi yake yarudi pale pale. Upande wa pili pandeni mahindi. Msimu unaofuata pandeni mahindi pande zote mbili, mbegu moja, siku moja, palizi moja. Mkivuna, pimeni kila upande kwa debe lile lile. Andikeni katika daftari tarehe ya kupanda, tarehe ya kuvuna na idadi ya madebe. Mkifanya hivyo miaka miwili au mitatu, daftari lenu litakuwa shahidi. Akija mtaalamu yeyote na maneno mapya, mtamwonyesha hesabu zenu.

Maswali yaliyoulizwa

*Bwana shamba, nikitia chumvichumvi kwenye kunde, nitaua vijidudu?*

Hapana mama, hutaviua. Lakini mmea ukipata naitrojeni nyingi ya mfukoni hauoni haja ya kuwalipa wageni sukari. Vinundu vinakuwa vichache na vivivu. Chumvichumvi ya naitrojeni iweke kwenye mahindi.

*Sisi tunachuma majani ya kunde kwa mboga. Je, tunaharibu?*

Mboga ni muhimu, mchume. Ila msimalize majani yote ya mche mmoja. Majani ndiyo yanayotengeneza sukari ya kuvilisha vijidudu. Chuma machache kwa kila mche.

*Kwa nini mahindi nayo yasipewe vinundu?*

Wataalamu wa nchi mbalimbali wanalitafuta jambo hilo miaka mingi. Mpaka sasa hakuna mbegu ya mahindi yenye vinundu. Mtu akikuuzia mbegu hiyo, ujue anakuibia.

*Shamba ninalolima nimeazima kwa ukoo mwingine. Nirudishe rutuba kwa faida ya nani?*

Swali hili ni kubwa, baba. Kunde na makapi yake zitakusaidia wewe mwenyewe msimu unaofuata, kwa hiyo usiogope. Lakini mbaazi za kukaa muda mrefu, au miti, usipande bila kuongea na wenye shamba. Kaeni pamoja, mbele ya mashahidi, mpatane utalima misimu mingapi. Andikeni mapatano hayo, na kila mmoja awe na nakala yake. Mtu akijua ana misimu mitatu ataulisha udongo. Asiyejua kama atakuwepo mwakani atachukua tu.

Ya kujadili katika kikundi

1. Taja mazao 5 ya jamii ya mikunde yanayolimwa kijijini kwenu.
2. Kinundu kinachofanya kazi kina rangi gani ndani?
3. Makapi ya maharage katika kaya yako yanakwenda wapi?
4. Umevuna magunia 4 ya maharage ya kilo 100. Umetoa shambani kilo ngapi za naitrojeni?
5. Nani katika kikundi atatunza daftari la shamba la majaribio?

Vuli inakaribia. Chagueni kipande chenu mapema.